Hewa ya Rwamgasa

Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Kamili alikuwa na mgogoro wa kudumu kati ya jina lake na cheo chake. Mama yake alimwita Kamili, serikali ikamwita Msaidizi, na kituoni hapakukosekana mtu wa kumuuliza hiyo nusu nyingine ameiacha wapi. Kwa kawaida alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu mengi, akiyavaa kwa zamu kama soksi.

Alhamisi asubuhi hakuwa na soksi hata moja.

"Leo," mkuu wake alimwambia, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba nzima. Maana yake faili la Pantaleo lifungwe leo, kwa sababu kesho asubuhi Pantaleo, mtunza stoo wa karakana ya ndege iliyoko nje kidogo ya mji, angepandishwa mahakamani kwa kuichoma karakana hiyo Jumatatu na kumuua fundi Mihayo aliyekuwa ndani. Kuua kwa kukusudia. Kosa ambalo mtu hata haulizwi habari za dhamana, anaulizwa tu kama amekula.

"Mkuu, faili limeshiba," Koplo Nelly alimwambia Kamili wakielekea karakana. Alikuwa anaendesha gari kwa mkono mmoja, mwingine umeshika andazi. "Kibati cha namba cha Pantaleo, cha kuazimia vifaa, kimekutwa kwenye ubao wa vifaa, wakati Jumapili yote karakana ilikuwa imefungwa. Jumapili hiyo hiyo jioni kanunua dumu la petroli, binti wa sheli anamkumbuka mpaka rangi ya kofia. Jumatatu moto unawaka, yeye kazini hayupo, tunamdaka njia ya machimbo ya Rwamgasa yuko mgongoni kwa bodaboda. Wewe unataka nini tena? Aje akuimbie?"

"Nataka sababu."

"Sababu atampa hakimu. Mimi hata chai yangu ameikataa. Kila nikimpelekea, swali ni lile lile: 'Afande, ile feni belti imepelekwa?' Mke hamuulizii, watoto hawaulizii, feni belti anaiulizia."

"Unamjibuje?"

"Lile jibu lako. Kwamba bado ipo foleni."

Kamili alicheka. Jibu lilikuwa lake kweli. Jumatatu, walipokuwa wanamsachi Pantaleo pale kaunta, walimkuta na feni belti mpya kwenye mfuko wa rambo. Pantaleo alisema, "Nifungeni mimi, Afande, lakini hiyo ipelekwe Rwamgasa, kuna watu wanaisubiri." Kamili akamjibu kwamba hata yeye anasubiriwa nyumbani, kwa hiyo hiyo belti ipange foleni. Kaunta nzima ilicheka. Lilikuwa jibu zuri.

Karakana ilikuwa imeungua upande mmoja tu. Ndege ndogo ya injini moja iliinama pale katikati kama kuku aliyevunjika bawa, na bawa lenyewe lilikuwa halipo, limebaki mabati meusi yaliyojikunja. Harufu ya mafuta na plastiki bado ilikuwa inakaba koo. Fundi mkuu, Injinia Abel, mzee wa Ushirombo mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata, aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, injinia."

"Marahaba. Mmerudi? Nilidhani mmeshamaliza."

"Tumemaliza, tumerudi kuangalia kama tulianza," Kamili alisema. "Hebu nieleze kama mtu ambaye ndege anaziona juu tu. Mihayo alikuwa anafanya nini hasa?"

"Anafungua kifuniko cha tangi, hapa chini ya bawa. Kuna skrubu ilikuwa imekataa. Kichwa kimelika, bisibisi haishiki. Skrubu ya namna hiyo unaitoboa na drili mpaka iachie."

Kamili alipiga magoti. Jumatatu pale chini palikuwa na mapovu ya zimamoto matupu. Wao waliokota drili ya betri iliyoyeyuka, wakaitia kwenye mfuko, basi. Sasa pamekauka. Alimulika kwa tochi kipande cha bawa kilichobaki, skrubu baada ya skrubu, mpaka akaona moja iliyoota jino. Ncha ya drili ilikuwa imekatikia humo humo, katikati kabisa ya kichwa cha skrubu.

"Nelly, piga picha hii. Halafu niambie umeona nini."

Nelly aliinama. "Msumari."

"Ni ncha ya drili. Mihayo alikuwa anatoboa, na moto ukamkuta bado anatoboa. Sasa mchomaji yuko wapi? Alisubiri kwa adabu mwenzake afike kwenye skrubu?"

"Labda betri ililipuka. Hizi betri za siku hizi wanazifufua mtaani. Shemeji yangu wa Masumbwe aliuziwa moja ikamchomea godoro."

"Betri ni ya kampuni, mpya," Abel alisema. Aliongea kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma misa ya wafu. "Si betri, koplo. Ni mota. Ndani ya drili ile kuna mota, na ndani ya mota kuna kaboni zinazosugua. Kila ukibonyeza, humo ndani panapiga cheche. Ndogo, huioni. Ukiwa mezani haina shida. Lakini kwenye tangi lililofunguliwa, umeshika kiberiti."

"Si mlikuwa mmemwaga mafuta yote?"

"Tangi tupu ndilo baya. Mafuta yenyewe yanaungua tu. Mvuke wake ndio unaolipuka, na mvuke hautoki kwa kumwaga, unatoka kwa kupulizwa. Na upepo wa kuupuliza..." Akaelekeza kidole sakafuni.

Palikuwa na mstari mpana wa njano umezunguka ndege yote.

"Tangi likiwa wazi, kifaa cha betri hakivuki huo mstari. Hata betri yenyewe ikitolewa haivuki. Kubadilisha betri ni kule mezani. Humu ndani ya mstari tunatumia drili ya upepo tu, maana ile haina umeme wowote, inazungushwa na upepo wa kompresa. Mihayo ndiye aliyeuchora mstari. Siku moja alimtoa mkurugenzi nje kwa sababu ya simu mfukoni. Mkurugenzi, mbele ya wageni!"

"Na mtu huyo huyo akavuka na drili ya betri."

Abel aliutazama ule mstari.

Kamili alielekea kwenye ubao wa vifaa. Ulikuwa ukutani, upande ambao moto haukufika. Kila kifaa umbo lake limechorwa kwa rangi nyeusi. Ukikitoa, unatundika kwenye msumari wake kibati chako cha shaba chenye namba yako, ili jioni bisibisi isije ikasahaulika tumboni mwa ndege. Jumatatu Kamili alikiona kibati cha Pantaleo hapo, akaandika kwamba kipo. Hakujiuliza kipo kwenye msumari gani. Kosa la mtu mwenye haraka ya kwenda kula.

Umbo la drili ya betri lilikuwa wazi, limetundikwa kibati cha Mihayo. Jirani yake drili ya upepo ilikuwa inaning'inia, safi, haijaguswa. Na kibati cha Pantaleo kilikuwa chini, kwenye umbo kubwa lililojiviringisha kama chatu aliyeshiba.

"Hapa huwa panakaa nini?"

"Mpira wa upepo. Wa kutoka kwenye kompresa."

"Nelly, mtu anakuja kuchoma jengo. Anaazima mpira, halafu anaacha namba yake kwa utaratibu kabisa. Umewahi kumkamata mwizi aliyesaini?"

"Mmoja. Alikuwa mwalimu."

"Injinia," Kamili aligeuka, "na kompresa yenyewe iko wapi?"

Abel alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya lile shati lake. Pale alipokuwa anaangalia, pembeni ya stoo, sakafu ilikuwa na mraba msafi katikati ya madoa ya oili, na alama za magurudumu mawili zikielekea mlangoni.

"Mwanza," alisema. "Matengenezo."

"Nani kakwambia?"

"Pantaleo. Kwa simu, Jumatatu asubuhi."

"Na wewe ukaamini."

"Nilikuwa na abiria wa mgodi wanasubiri, baba. Simu zinaita kila upande. Nilimwambia Mihayo ndege iruke saa sita."

"Wakati upepo haupo."

"Sikumwambia atumie nini." Akairudisha miwani usoni. "Hakuuliza. Na mimi sikuuliza. Na nyinyi mlipokuja na habari ya petroli, nikaona... nikasema labda kweli ni petroli."

Nelly aliacha kutafuna. "Injinia, hiyo kompresa inatumia umeme?"

"Umeme wa huku si unaujua? Ina injini yake. Petroli."

"Dumu," Nelly alinong'ona.

"Na injini inaizungusha kompresa kwa kitu gani?" Kamili aliuliza, ingawa miguu yake ilishaanza kwenda mlangoni yenyewe.

"Feni belti. Ile ya zamani ilishaanza kuchanika. Mpya ilikuwepo stoo kwa Pantaleo."

Feni belti ilikuwa kituoni, kwenye rafu ya vielelezo, ndani ya mfuko wake wa rambo, pamoja na mkanda wa suruali na kamba za viatu. Kamili aliichukua. Ilikuwa nyepesi ajabu. Akaenda nayo mahabusu, akaishika pale pale kwenye nondo ili Pantaleo aione.

Pantaleo alinyanyuka. Mtu wa makamo, mwembamba, ndevu zimeota hovyo. Hakuangalia uso wa Kamili. Aliangalia belti.

"Bado ipo hapa," alisema.

"Kompresa iko wapi Rwamgasa?"

"Mtaenda kuikamata?"

"Naipelekea hii."

Pantaleo alimpima kwa macho muda mrefu, kama anavyopima mtu anayeazima kifaa mara ya kwanza. "Kwa mama Sikujua. Lile duara, shimo la dhahabu, serikali ililolifunga. Wachimbaji walikuwa wanaingia kwa siri. Jumamosi likatitia, vijana wakabaki chini. Hawakuweza kwenda kusema, maana wangekamatwa wote, wakapiga mwano."

Nelly, ambaye hakuzaliwa huku, alimtazama Kamili.

"Yowe," Kamili alimweleza. Alikuwa mtoto wa Shinyanga, alilijua lile yowe kabla hajajua kusoma. "Likipigwa unatoka. Usipotoka, siku yako ikifika na wewe hatoki mtu."

"Unatoka na ulicho nacho," Pantaleo alisema. "Mwenye jembe, jembe. Mwenye kamba, kamba. Sisi mimi na Mihayo tulikuwa na upepo. Na mdogo wake Mihayo, Masele, yuko mle chini. Kuna bomba la kutolea maji lilipona, linafika mpaka kwao. Tukafunga mpira wetu hapo, tukawa tunawapulizia. Walikuwa wanagonga bomba, tunawasikia. Jumatatu asubuhi napigiwa simu belti imekatika. Nikaja stoo mbio, nikachukua mpya, nikamwambia Mihayo leo usiguse lile tangi, tafuta sababu yoyote, mimi injinia nitampigia simu, nimwambie kompresa iko Mwanza. Akasema nenda." Akashika nondo. "Habari za moto nimezisikia kwenu hapa hapa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Afande." Hakusema kwa hasira. "Ile ya kompresa sikusema, maana mngeifuata kuwa kielelezo. Lakini ya belti nilisema. Nilikwambia wewe."

Walielekea Rwamgasa na ile belti. Nelly aliendesha kwa mikono miwili.

Duara lilikuwa nyuma ya kilima cha kifusi, mbali na makarasha, mashine za kusagia mawe, ya wenye leseni. Watu walikuwa wamejipanga mstari wanapokezana ndoo za udongo na maji, taratibu, kwa ule utulivu wa watu waliokwisha kulia. Mama Sikujua, mwenye duara, mwanamke mnene aliyejifunga khanga mbili kiunoni, aliona sare za polisi na hakusogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Mmekuja kulifunga? Limeshajifunga lenyewe."

Kompresa ilikuwa nyuma yake, ya bluu, namba ya karakana ubavuni. Kimya. Miguuni pake palijaa vipande vya mipira ya baiskeli, vimekatika, vimeungua, vingine bado vina mafundo.

"Tumeifunga na mipira tangu Jumatatu," alisema. "Inazunguka kidogo, inaruka. Unafunga, inaruka. Tulituma mtu mjini akaleta belti, moja fupi, nyingine pana ya karasha. Hii mashine ya ndege haivai nguo ya mtu. Pantaleo alisema anakuja nayo. Tukamsubiri. Simu haipatikani."

Simu ya Pantaleo ilikuwa kwenye rafu ile ile, imezimwa na polisi kwa utaratibu.

"Mara ya mwisho wamegonga lini?" Kamili aliuliza.

"Jana, jua linazama. Mpira wa mwisho ukakatika."

Kamili alimpa belti. Kijana mmoja wa makarasha aliivisha kwenye magurudumu, akaivuta kwa bisibisi, ikaingia kama iliyozaliwa hapo. Akavuta kamba ya injini. Ikakohoa. Akavuta tena, ikashika, ikanguruma, na ule mpira mrefu mweusi ukatetemeka, ukajaa, upepo ukaanza kwenda chini. Mstari wa ndoo ulisimama. Watu wote waligeuka kutazama bomba.

Mama Sikujua aliokota jiwe, akagonga bomba. Akaweka sikio. Akagonga tena.

"Zima injini tusikilize," Kamili alisema.

"Hii haizimwi."

"Mama, kwa kelele hii hatuwezi kujua kama..."

"Ukiizima, hewa hakuna. Nani atazima? Wewe?" Alimwangalia moja kwa moja. "Njoo uzime."

Kamili aliangalia swichi. Ilikuwa nyekundu, karibu na mkono wake, ya kuzimwa na mtoto. Kulikuwa na watu hai chini au hakukuwa na watu hai, na njia ya kujua ilikuwa ni kuwakata hewa. Akarudisha mkono mfukoni. Akaweka kiganja kwenye bomba, akitafuta kishindo chochote cha kugonga. Bomba lilikuwa linatetemeka lote, juu mpaka chini, lakini mtetemo ule ulikuwa wa injini.

Mstari wa ndoo ukaanza tena. Nelly alivua kofia, akaingia katikati ya mstari, akapokea ndoo.

Kamili alipanda kilimani, akampigia mkuu wake. Alieleza yote: ncha ya drili ndani ya skrubu, kibati kwenye msumari wa mpira, dumu, belti. Hakuna mchomaji, mkuu. Moto umetokana na cheche ya drili ya betri kwenye mvuke. Fundi alitumia drili hiyo kwa sababu upepo wa karakana uko huku unawapulizia watu. Tunahitaji waokoaji sasa hivi, wenye mashine.

Mkuu akauliza: "Duara lenyewe si lilifungwa?"

"Lilifungwa."

"Sasa niombe waokoaji wa duara ambalo kisheria halina watu? Nitaulizia juu. Na kuhusu Pantaleo, umefanya kazi nzuri. Kwa hiyo hakuchoma, aliiba kompresa. Na Mihayo amekufa kwa sababu kompresa haikuwepo. Andika hivyo hivyo. Wizi, na kusababisha kifo. Kesho asubuhi pale pale."

"Mkuu, aliitikia mwano."

"Mwano hauko kwenye sheria ya adhabu, Kamili. Andika."

Simu ikakatika. Chini pale injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa.

Jua lilikuwa limeelemea magharibi alipofika tena kwenye nondo za mahabusu, udongo mwekundu mpaka magotini. Chai ya asubuhi ilikuwa bado sakafuni, ina utando juu. Pantaleo alikuwa amesimama, kana kwamba hakuketi tangu mchana.

"Imefika?"

"Imefika."

"Imekaa?"

"Imekaa. Kuvuta mara mbili tu, ikashika."

"Wamegonga?"

Hapa ndipo Kamili alipotafuta maneno. Akapekua kila mahali anapoyawekaga. "Hatujui. Injini haizimwi. Kwa kelele ile huwezi kusikia."

Pantaleo aliitikia kwa kichwa, kwa uzito, fundi kwa fundi. "Msiizime."

"Hawaizimi. Mama Sikujua ameilalia pale." Akashusha pumzi. "Pantaleo, habari ya kuchoma imekwisha. Imefutika. Lakini kesho unapanda kwa kompresa. Na kwa Mihayo. Nimejaribu."

"Kwa Mihayo ni haki," Pantaleo alisema. "Nilijua ana ahadi ya ndege, na nilijua ubaoni kumebaki drili gani. Ningeificha ile ya betri. Sikuificha." Akainama, akaokota kikombe, akaondoa utando kwa kidole, akanywa chai yote kwa mkupuo, baridi vile vile. Akakirudisha kupitia nondo.

"Asante kwa kuifikisha, Afande. Nilikuwa na wasiwasi na ile foleni."

Alisema hivyo bila kejeli hata chembe. Kisha akaenda ukutani, akajilaza, akageukia ukuta.

Kamili alitoka na kikombe mkononi. Pale kaunta askari wa zamu walimwona, wakainua vichwa, wanatabasamu kabla hajasema, kama walivyozoea.

"Mkuu, vipi? Fundi wetu wa feni belti anasemaje leo?"

Walisubiri. Kamili aliweka kikombe juu ya kaunta, taratibu, akitafuta pa kukiweka kana kwamba kuna umbo lililochorwa hapo, na msumari wa kutundika namba yake.